Kusi ikivuma, kawia ufike: Afya ya mwanafunzi visiwani Lamu

Ukimwambia mkazi wa Nairobi kwamba Lamu kuna baridi, huenda akacheka. Mwezi wa Julai yeye huvaa sweta na koti juu yake, naye anajua ya kwamba kule visiwani kipimajoto hakishuki sana chini ya nyuzi 23 za sentigredi hata usiku wa manane. Mgeni anayetua uwanja wa ndege wa Manda, akavuka kwa boti hadi gatini Amu na kurejea siku ya tatu, hatakuwa na baridi ya kusimulia.

Lakini mwanafunzi wa chuo anayesafiri kutoka Kizingitini, Faza au Kiwayu kuja Amu mwezi huo huo ana habari nyingine. Amekaa ndani ya boti kwa muda mrefu, maji ya mawimbi yamemrukia tangu kichwani hadi miguuni, na upepo haujatulia hata kidogo. Akifika gatini meno yanagongana, vidole vimekuwa vigumu na mkoba wa vitabu umelowa chapachapa. Usiku huo anaanza kukohoa. Wiki inayofuata hayumo darasani.

Huo ndio msimu wa Kusi, na huo ndio wakati wa baridi wa watu wa Lamu. Hauna theluji, lakini unaweza kufanya mambo mawili ambayo theluji huyafanya Ulaya na Marekani: kuwaangusha watu kwa maradhi, na kufunga njia. Tofauti ni moja tu, nayo ndiyo sababu ya makala haya. Kule kwa wenzetu, njia ikifungwa na baridi, mara nyingi chuo hutangaza kwamba leo hakuna masomo. Kwetu, aghalabu uamuzi huachiwa kijana mwenyewe, akiwa amesimama gatini na mkoba mkononi, akihesabu siku zilizobaki kabla ya mtihani.

Ikiwa una mtoto anayesoma visiwani, pengine katika Chuo cha Mafunzo ya Matibabu, KMTC, tawi la Lamu, au katika moja ya madrasa kubwa kama Riyadha, au ikiwa wewe mwenyewe ndiwe mwanafunzi, yafaa uielewe baridi hii kabla haijakufika.

UPEPO WENYEWE

Pwani yetu hutawaliwa na pepo mbili kubwa. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi, nao huja na jua kali. Kisha, katika mwezi wa Aprili, upepo hugeuka. Kusi huanza kuvuma kutoka upande wa kusini na kusini mashariki, ikifuatana na mvua za masika, na huendelea hadi Septemba au Oktoba. Nguvu zake hasa huonekana Juni, Julai na Agosti, majira ambayo wazee huyaita kipupwe.

Wazee hao waliiheshimu Kusi. Majahazi yaliyofanya biashara na Uarabuni yalikuja na Kaskazi na kurudi na Kusi, lakini si katika miezi ambayo upepo umekomaa. Wakati huo vyombo vilipandishwa ufukweni, vikakalafatiwa, vikapakwa shahamu na kungojea bahari itulie. Hakuna aliyemwita nahodha mwoga kwa kukaa nchi kavu mwezi wa Julai. Ilikuwa ni elimu yake.

Siku hizi tuna mashine, na mashine imetufanya tuisahau elimu hiyo. Boti ya fibagilasi yenye injini inaweza kuondoka wakati ambapo jahazi lisingethubutu. Lakini injini haibadilishi bahari. Safari fupi ya kutoka Mokowe, kwenye bara, hadi Amu imekingwa na visiwa, na kwa kawaida haina matata makubwa. Anayetoka kisiwa cha Pate ana safari tofauti. Lazima apite sehemu iliyo wazi kati ya Pate na Manda, ambapo mawimbi ya bahari kuu huingia bila kizuizi, ndipo afikie Mkanda, ule mlango mwembamba kati ya Manda na bara, ambao kwa miaka mingi vyombo vilipita maji yakijaa tu. Ndiyo maana saa ya safari hupangwa na maji kujaa na kupwa, wala si na saa ya ukutani. Na pale upepo unapopambana na mkondo wa maji, mawimbi huwa mafupi, yenye kusimama wima, na hayo ndiyo yanayojaza boti maji.

Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa ya Kenya huwatolea tahadhari watu wa pwani upepo unapotarajiwa kuzidi kilomita 46 hivi kwa saa na mawimbi kupita urefu wa mita 2. Tahadhari hizo si maneno ya kujaza redio. Mnamo Julai 18, 2012, meli ya Skagit iliyokuwa ikitoka Dar es Salaam kwenda Unguja ilipinduka karibu na kisiwa cha Chumbe katika upepo mkali wa msimu huu, na watu wengi wakafa. Mwezi wa Agosti 2017, boti iliyokuwa ikitoka Kizingitini kuelekea mjini Lamu ilizama bahari ikiwa imechafuka, na watu kadhaa wa familia moja wakapoteza maisha. Julai na Agosti: tazama miezi yenyewe.

WENZETU WA THELUJI HUFANYAJE?

Hapa yafaa tutupe macho mbali kidogo. Katika majimbo ya kaskazini ya Marekani, wanafunzi wa vyuo wana msamiati wao wa siku ya theluji. Ni siku ambayo wakuu wa chuo, baada ya kutazama utabiri, huamua kwamba ni hatari watu kutoka nje. Tangazo hutolewa mapema, mara nyingi kabla hakujapambazuka, kwa redio, televisheni na simu. Madarasa hufungwa, mitihani husogezwa mbele, na hakuna mwanafunzi anayeadhibiwa kwa kubaki chumbani.

Mwishoni mwa Januari 2019, baridi isiyo ya kawaida ilishuka kutoka ncha ya kaskazini ya dunia. Mjini Minneapolis, ambako wanaishi Waafrika Mashariki wengi, kipimajoto kilifika nyuzi 33 chini ya sifuri, na mjini Chicago nyuzi 30 chini ya sifuri. Chuo Kikuu cha Michigan, ambacho hakifungi ovyo, kilisitisha masomo Januari 30 na 31. Vyuo vingine vingi vya eneo hilo vilifanya vivyo hivyo. Hata hivyo baridi ile iliua watu, miongoni mwao mwanafunzi wa chuo aliyekutwa nje usiku. Fikiria ingalikuwaje laiti maelfu ya vijana wangalilazimishwa kutembea kwenda darasani asubuhi yake.

Watangazaji wa hali ya hewa wa kule husoma namba mbili. Ya kwanza ni baridi ya kipimajoto. Ya pili ni baridi ambayo mwili unaihisi upepo unapovuma. Siku ile Minneapolis namba ya pili ilipita nyuzi 45 chini ya sifuri. Kwa lugha nyingine, wao huupima upepo kama sehemu ya baridi. Na somo hilo la upepo ndilo linalotuhusu sisi wa pwani.

KWA NINI MTU HUTETEMEKA KATIKA NYUZI 25?

Mwili wa binadamu hufanya kazi vizuri ukiwa na joto la nyuzi 37 hivi. Ngozi huzungukwa na tabaka jembamba la hewa ambayo mwili wenyewe umeipasha moto, mfano wa shuka isiyoonekana. Upepo huifagia shuka hiyo. Mwili hupasha nyingine, nayo hufagiwa. Ndivyo mtu anavyopoteza joto bila kujua.

Nguo zikilowa, mambo huwa mabaya zaidi. Maji yanayokauka juu ya ngozi huondoka na joto, kama vile mtungi unavyopoza maji ya kunywa. Na mtu akitumbukia baharini, maji humnyang'anya joto kwa kasi inayokaribia mara 25 ya ile ya hewa. Maji ya bahari ya Lamu wakati wa Kusi huwa na nyuzi 25 au zaidi kidogo, nayo ukiyagusa kwa mkono huyaoni baridi. Lakini ni chini sana ya nyuzi 37. Mtu hawezi kufa kwa dakika chache kama afanyavyo katika maziwa ya barafu, ila akikaa humo kwa saa nyingi nguvu humwishia, na aliyeishiwa nguvu huzama.

Joto la mwili likishuka chini ya nyuzi 35, hiyo ni hali ya hatari inayohitaji hospitali. Abiria aliyelowa na kupigwa na upepo kwa muda mrefu anaweza kuikaribia, hasa akiwa mtoto, mzee, mtu mwembamba, mgonjwa au mtu aliyetapika na kukaa na njaa. Dalili zake ni hizi: kutetemeka kusikozuilika, vidole kushindwa kufunga kifungo, ulimi kuwa mzito, kujikwaa, na usingizi usio wa kawaida. Ukiona mtu aliyekuwa akitetemeka ameacha kutetemeka huku amezubaa na ameanza kusema maneno yasiyoeleweka, usifurahi kwamba amepata nafuu. Amezidiwa.

Afanyiwe nini? Kwanza aondolewe upeponi, avuliwe nguo zote zilizolowa na kukaushwa. Pili afunikwe mwili mzima, pamoja na kichwa, kwa blanketi, shuka, kikoi au chochote kilicho kikavu. Joto la mtu mwingine aliyelala naye ndani ya blanketi moja husaidia sana. Tatu, akiwa ana fahamu na anaweza kumeza, anywe chai ya moto yenye sukari. Asisuguliwe mikono na miguu, asikalishwe ubavuni pa moto mkali, na asipewe pombe, kwani pombe humfanya ajihisi ana joto hali mwili unazidi kulipoteza. Kisha apelekwe hospitali.

KABLA YA KUPANDA BOTI

Swali la kwanza si “boti inaondoka saa ngapi?” Swali la kwanza ni “bahari iko vipi?” Waulize wavuvi waliorudi alfajiri hiyo. Sikiliza utabiri. Ukiambiwa bahari imechafuka, ngoja.

Ukiona inasafirika, itazame boti kabla hujaingia. Imejaa kupita kiasi? Mizigo imerundikwa upande mmoja? Kila abiria ana jaketi la kuokolea maisha? Jaketi lililofungiwa chini ya viti, au linalokaliwa kama mto, halimwokoi mtu. Lazima livaliwe na kamba zifungwe kabla boti haijang'oa nanga, na livaliwe juu ya buibui au kanzu, si ndani yake. Nguo ndefu ikilowa huwa nzito na huzonga miguu. Tena hakikisha jaketi la mtoto ni la mtoto, kwani la mtu mzima litamchomoka majini.

Ndani ya mkoba, tia nguo kavu za kubadilisha, taulo na kitu cha kujifunika kichwa, vyote ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa barabara. Dawa zako pia zifungwe hivyo, lakini zikae mwilini mwako, si chini ya magunia. Koti la mvua jepesi ni bora kuliko sweta nene, kwa kuwa koti huzuia upepo na maji, ilhali sweta iliyolowa ni mzigo tu. Ukifika, badilisha nguo kabla ya kusimama gatini kuamkiana na watu.

Likitokea la kutokea na chombo kikapinduka, shikamaneni nacho. Vijana wengi wa visiwani ni waogeleaji hodari, na huo uhodari ndio huwaponza. Humwona nchi kavu iko karibu, wakaiacha boti na kupiga mbizi kuelekea huko, kumbe mkondo una nguvu kuliko mikono yao. Chombo kilichopinduka huonekana kwa mbali. Kichwa cha mtu mmoja hakionekani. Wanaovaa majaketi wakusanyike pamoja, wakumbatiane, na watoto wawekwe katikati. Hivyo joto halipotei upesi.

KUTAPIKA BAHARINI

Kichefuchefu cha baharini si udhaifu wa mtu wa bara. Hutokea kwa sababu sikio la ndani, ambalo hutuweka sawa tusianguke, linauambia ubongo kwamba mwili unayumba, huku macho yaliyokaza kutazama simu au sakafu ya boti yanasema mwili umetulia. Ubongo hupata habari mbili zinazopingana, na tumbo ndilo hulipa.

Dawa ya kwanza ni kukaa mahali boti inapoyumba kidogo, yaani katikati au karibu na shetri, na kukaza macho kwenye upeo wa bahari. Usisome. Usisafiri na tumbo tupu, wala usile viazi karai na mbaazi za mafuta dakika tano kabla ya safari. Kipande cha mkate au muhogo wa kuchemsha kinatosha. Wengi huona nafuu wakitafuna tangawizi. Kuna pia vidonge vya kuzuia kutapika, ambavyo humezwa saa moja hivi kabla ya safari, si baada ya kuanza kutapika. Vidonge hivyo vingi huleta usingizi, kwa hivyo muulize mwuza dawa, hasa ukiwa mja mzito au ukiwa na mtihani siku hiyo.

Aliyetapika sana amepoteza maji na chumvi. Apewe maji ya kunywa kidogo kidogo yaliyochanganywa na dawa ya kuongeza maji mwilini. Ikikosekana, lita moja ya maji safi, nusu kijiko cha chai cha chumvi na vijiko sita vya chai vya sukari, vyote vikiwa vya kusawazishwa, hufaa.

BWENINI

Kufika salama ni nusu ya safari. Nusu ya pili ni chumba cha kulala.

Wakati wa Kusi, wanafunzi wanne au sita hufunga madirisha ili mvua na upepo visiingie. Nguo mbichi huanikwa ndani kwa kuwa nje hazikauki. Kuta za mawe ya matumbawe hunyonya unyevu wa chumvi, na baada ya wiki chache kuvu jeusi huanza kutambaa pembeni. Hapo ndipo maradhi ya kifua hupata makao.

Yafaa ieleweke kwamba baridi peke yake haizai mafua. Mafua huletwa na virusi, navyo hutoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine. Msimu wa baridi huvisaidia kwa kuwakusanya watu katika chumba kimoja kilichofungwa. Kwa hiyo dirisha moja liachwe wazi upande usiopigwa na mvua, hata kama ni kwa upana wa kiganja. Anayekohoa azibe mdomo kwa kitambaa au kwa kiwiko, na mikono ioshwe kwa sabuni. Wala usikimbilie duka la dawa kununua viuavijasumu kwa ajili ya mafua, kwani dawa hizo haziui virusi. Pumzika, kunywa vitu vya moto, na umwone daktari ikiwa homa imepita siku tatu, ikiwa unapumua kwa shida, au ikiwa kifua kinachoma.

Mwenye pumu ana la ziada la kuangalia. Hewa ya baridi, kuvu na vumbi la godoro kuukuu vyote vyaweza kuamsha pumu. Kifaa chake cha kupulizia dawa kiwe mfukoni wakati wote, na mwenzake wa chumbani afundishwe mapema kinavyotumika. Ikiwa anakihitaji mara nyingi kuliko zamani, hiyo ni ishara ya kwenda kliniki kabla bahari haijachafuka, si baada yake. Hospitali kubwa ya kaunti, King Fahd, iko Amu. Mwanafunzi aliye likizoni Kiwayu au Ndau hawezi kuifikia usiku ambao hakuna chombo kinachosafiri. Basi na awe na dawa za kutosha majuma mawili zaidi ya anavyodhani.

Jambo la mwisho la bwenini ni jiko la makaa. Liwe la kukaushia nguo, kuota moto au kufukiza udi, jiko halilali na watu katika chumba kilichofungwa. Makaa hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na harufu wala rangi, ambayo humlaza mtu usingizi wa moja kwa moja. Kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu kwa watu wote wa chumba kwa wakati mmoja ndiyo dalili. Tokeni nje mara moja. Gesi hii ndiyo hiyo hiyo inayoua watu katika nchi za theluji wanapowasha moto ndani kwa hofu ya baridi.

SI KILA HOMA NI BARIDI

Kwa mazoea, mtu akitetemeka mwezi wa Julai huambiwa amepigwa na Kusi. Mazoea hayo yana hatari. Masika huacha maji yaliyotuama, na mbu hawajui kalenda ya vyuo. Anayetetemeka kwa homa apimwe malaria kwanza.

Tena kumbuka yaliyotokea Lamu mwaka 2004. Ugonjwa wa chikungunya, ambao ulitambuliwa kwa mara ya kwanza katika nchi ya Wamakonde kusini mwa Tanzania mwaka 1952 na 1953, na ambao jina lake limetoka katika lugha yao, ulienea mjini humo na kufikia kilele mwezi wa Julai. Uchunguzi wa damu uliofanywa baadaye ulionyesha kwamba takriban watu 75 katika kila 100 walikuwa wameambukizwa. Mwaka ule kulikuwa na ukame, na watu walihifadhi maji majumbani. Mbu wa ugonjwa huo huzaana katika maji safi ya ndani: ndoo, mtungi, pipa lisilo na kifuniko.

Dalili yake kubwa ni homa ya ghafla na maumivu ya viungo yanayomfanya mtu ashindwe kusimama wima. Ukiona hivyo, nenda hospitali, na kwa maumivu utumie parasetamoli badala ya aspirini mpaka daktari aseme ni ugonjwa gani, kwa kuwa homa nyingine ya mbu, ile ya dengi, yaweza kuleta kutokwa na damu. Bwenini, fuateni hekima ya nyumba za kale za Amu, ambazo hufuga samaki wadogo ndani ya birika ili wale viluwiluwi vya mbu. Pasipo samaki, kifuniko kinatosha.

NANI ASEME “LEO HAPANA”?

Mambo yote tuliyoyataja yanawezekana kwa mtu mmoja mmoja. Lipo moja ambalo si la mtu mmoja. Nalo ni uamuzi wa kuahirisha.

Kijana wa miaka 19 hana nguvu ya kuahirisha. Ameambiwa aripoti Jumatatu. Karo imelipwa kwa taabu, na baba ameuza ng'ombe au ameweka rehani mashine ya boti. Akichelewa, anaogopa jina lake litafutwa. Akikosa mtihani, anaogopa mwaka utapotea. Kwa hofu hizo atapanda boti yoyote, katika upepo wowote. Ukimlaumu kwa ujasiri wake utakuwa umekosea mtu wa kumlaumu.

Kwa hiyo vyuo vya visiwani vingefanya vyema kuwa na siku yao ya Kusi, kama wenzetu walivyo na siku ya theluji. Haihitaji fedha. Inahitaji kanuni iliyoandikwa na kubandikwa ubaoni: kwamba tahadhari ya bahari ikitolewa, mwanafunzi anayevuka maji anaruhusiwa kuchelewa hadi tahadhari itakapoondolewa, na mtihani wake utafanywa baadaye. Inahitaji pia simu moja ya chuo ambayo mzazi wa Faza anaweza kuipigia na kujibiwa. Na tarehe za kufungua, pale inapowezekana, zisiangukie katikati ya Julai na Agosti.

Nawe mzazi uliye Mombasa au Nairobi, unalo la kufanya. Mtoto akikupigia simu kusema bahari ni mbaya na amekwama, usimwulize “mbona wenzako wamefika?” Swali hilo limewapandisha wengi boti ambayo hawakuitaka. Mwambie angoje, kisha wewe upige simu chuoni. Neno lako lina uzito kuliko lake.

Na nahodha anayekataa kusafiri, asitukanwe wala asiongezewe nauli ili akubali. Mtu huyo amekuokolea mtoto.

YA KUKUMBUKA

Kata ukurasa huu, ubandike mlangoni:

1. Uliza hali ya bahari kabla ya kuuliza saa ya safari.
2. Vaa jaketi la kuokolea maisha na ulifunge ukiwa bado gatini.
3. Nguo kavu, taulo na dawa zifungwe ndani ya plastiki.
4. Ukifika umelowa, badilisha nguo kwanza, salamu baadaye.
5. Anayetetemeka kisha akazubaa na kusinzia, mpeleke hospitali.
6. Dirisha moja wazi, jiko nje, pipa la maji lifunikwe.
7. Homa ipimwe, isikisiwe.
8. Chombo kikipinduka, usikiache.

Kusi itavuma tena mwakani, na mwaka utakaofuata. Mtihani una siku nyingine. Wahenga walisema kawia ufike, nao walisema hivyo wakiwa wanaitazama bahari hii hii.